Mchanga wa Enyau

Sina oveni. Nina sufuria ya marehemu bibi,
ile kubwa ya kupikia msibani,
na ndani yake mchanga niliouchota mto Enyau
wakati wa kiangazi, nikauosha mara saba
mpaka maji yakakubali kuwa maji.
Makaa chini, makaa juu ya kifuniko,
na keki yangu katikati,
kama mwanafunzi wiki ya mitihani.

Umeme wa Arua ukija naushukuru.
Ukienda siuulizi ulikokwenda.

Jumamosi hakuna mihadhara. Nachekecha unga
kwa chujio la chai, maana chekecheke
aliliazima Onzia wa chumba cha tatu,
na Onzia alipohamia kwa mchumba
alihama na vyote.
Mayai manane. Kila moja nalivunja peke yake kikombeni,
nalinusa, ndipo nalikaribisha kwa wenzake.
Hilo nalo nililijifunza kwa hasara.

Wakiniuliza, binti wa chuo, mbona kucha fupi hivyo?
Nilizijaribu zile ndefu za gundi, rangi ya zambarau,
siku mbili tu. Ya tatu, kidole cha shahada
kilirudi kitupu kutoka kwenye donge la mandazi,
na mandazi yote thelathini
nikayala mwenyewe, polepole,
nikitafuta.

Lakini usinifanye mtawa. Napenda wanja,
mstari mmoja mwembamba, ujipinde kidogo mwishoni
kama mkia wa herufi.
Napenda nywele zangu za kipara kasoro kidogo,
shilingi elfu tatu kwa kinyozi, na anakupulizia shingo.
Napenda siagi ya shea anayoikamua mama kwa mikono,
yenye harufu ya moshi
ambayo wenzangu wa chumba huifungulia dirisha.
Sawa. Dirisha ni la wote.
Na rangi nyekundu ya mdomo, nyekundu kweli kweli,
hiyo naipaka usiku nikisoma takwimu,
na hakuna anayeiona ila kikombe cha chai.

Shangazi Bako alikuja mwezi wa pili
na kichupa ndani ya leso, kama mtu aliyebeba siri ya mwingine.
"Kimetoka Kongo," akanong'ona. "Wiki tatu tu, uso unang'aa.
Harusi ya Ejoru ina wageni wa Kampala,
na wewe ndiye utakayesimama kando ya keki."

Nikashukuru. Nikakiweka rafuni
kati ya vanila na hamira.
Shangazi akakaa ukingoni mwa kitanda, ana haraka,
ana haraka tangu nimjue,
basi nikafunua sufuria kabla ya saa yake.
Keki ilikuwa nyeupe, laini, nzuri ya kupigwa picha.
Nikamkatia. Katikati pakatiririka.

"Hii haijaiva," akasema, akijipangusa kidevu.

"Haijaiva, shangazi. Ngoja."

Tukangoja. Akanisimulia goti lake,
bei ya mihogo, mume wa jirani.
Kisha ikaja ile harufu inayogeuka ghafla,
sasa hivi ni mayai, sasa hivi ni nyumbani,
naye akanyamaza katikati ya sentensi.

Nilipofunua tena ilikuwa kahawia,
na upande mmoja, nakiri, mweusi kabisa,
kwa kuwa makaa hayajui kugawa sawa.
Shangazi aliuanza upande mweusi.
Hakusema kitu. Akanyoosha sahani tena.

Harusini nilisimama kando ya keki kama nilivyo.
Wanja wa jicho la kushoto ulikuwa umepinda,
na unga kwenye nyusi
sikuambiwa mpaka jioni.

Kichupa alikiacha, kwa kusahau au kwa kusudi.
Kipo hadi leo, hakijafunguliwa.
Nakitegea dirisha
lisijifunge.